Muhtasari wa Kifungu cha Ufundi: Bampa Nyepesi ya Nyuma

Swali la muhtasari (ufupisho) ni swali la pili katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2). Lina alama 15 kati ya 80. Mtahiniwa aliyejiandaa huweza kuzipata karibu zote, kwa sababu majibu yamo ndani ya kifungu. Hata hivyo, kifungu kinapozungumzia jambo la kiufundi, wengi huingiwa na hofu. Mtahiniwa ambaye hajawahi kushika spana huona maneno kama "ekseli" na "chesisi" akadhani swali ni la mafundi. Kutokana na hofu hiyo hunakili sentensi nzima nzima akitumaini kwamba hoja imo humo ndani.

Katika somo hili utafanya muhtasari wa kifungu kinachohusu kufunga bampa nyepesi ya nyuma kwenye gari la kupita njia mbaya. Huhitaji kujua magari. Unachohitaji ni kujua kipi kibaki na kipi kiachwe.

Baada ya somo hili uweze:
(i) kutofautisha hoja kuu na mfano unaoifafanua;
(ii) kutumia sehemu ya Matayarisho ipasavyo;
(iii) kuandika jibu lenye mtiririko bila kupita idadi ya maneno uliyopewa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Soma maswali kabla ya kifungu. Maswali hukuonyesha aya zinazohusika. Kama swali (a) linahusu aya ya pili na ya tatu, hoja nzuri ya aya ya sita haitakupa alama yoyote katika (a).

2. Soma kifungu chote mara moja bila kuandika. Lengo ni kuelewa mwandishi anataka kusema nini.

3. Soma aya husika mara ya pili ukiwa na kalamu. Pigia mstari sentensi inayobeba wazo. Mfano, hesabu, tashbihi na maelezo ya ziada viwekee alama ya mabano.

4. Orodhesha hoja katika Matayarisho kwa maneno machache. Linganisha idadi yake na alama za swali. Ikiwa swali lina alama 8, moja ikiwa ya mtiririko, tafuta angalau hoja saba.

5. Andika jibu kwa nathari, katika aya moja. Usiandike kwa nambari. Hesabu maneno kabla ya kwenda swali linalofuata.

KIFUNGU

Kifungu hiki ni kirefu kidogo kuliko vile vya mtihani. Kimeachwa hivyo makusudi ili upate mazoezi ya kutosha. Aya zimepewa nambari kwa ajili ya somo.

(1) Bampa ya nyuma ambayo gari hutoka nayo kiwandani mara nyingi hukusudiwa barabara ya lami. Aghalabu huwa ganda la plastiki lililofunika boriti ya chuma, na hushuka chini sana. Kwenye lami haina taabu. Lakini gari hilo likipelekwa katika njia za Maralal au Marsabit, likashuka ndani ya laga na kuanza kupanda ukingo wa pili, pua huinuka na mkia hushuka. Bampa ndiyo hutangulia kugusa mawe. Hupasuka, hung'oka, au hulizuia gari lisipande. Ndiyo sababu wenye magari ya safari huiondoa na kufunga nyingine iliyo fupi, iliyoinuka kutoka ardhini na iliyo imara zaidi.

(2) Kwa miaka mingi mafundi wameziunda bampa za aina hii kwa mabamba manene ya chuma. Chuma ni imara, huchomeleka kwa urahisi na hupatikana kila mahali, lakini ni kizito. Mita moja ya ujazo ya chuma ina takriban kilo 7,850, ilhali ya alumini ina takriban kilo 2,700. Hivyo alumini ina karibu theluthi moja ya uzani wa chuma. Hata hivyo, alumini hupindika upesi zaidi, kwa hiyo fundi hulazimika kutumia bamba nene zaidi. Bamba la chuma lenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 40 na unene wa milimita 4 lina kilo 19 hivi. La alumini lenye urefu na upana uo huo, lakini unene wa milimita 6, lina kilo 10 hivi. Kinachopunguzwa basi si theluthi mbili za uzani, bali karibu nusu.

(3) Wapo wanaouliza: kilo chache zina athari gani kwa gari lenye uzani wa tani mbili na zaidi? Jibu limo katika mahali zinapowekwa. Bampa hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari ni mfano wa ubao uliolazwa juu ya gogo, na ekseli ya nyuma ndiyo gogo, yaani egemeo. Uzani unaoning'inia nyuma ya egemeo hilo hukandamiza ekseli ya nyuma kwa zaidi ya uzani wake wenyewe, na wakati uo huo huinua upande wa mbele. Tuseme ekseli mbili za gari zimeachana mita 3, na bampa ya kilo 60 imefungwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 24, na ya nyuma huongezewa kilo 84, si 60. Bampa ya kilo 25 mahali hapo hapo hupunguza kilo 10 mbele na kuongeza kilo 35 nyuma. Gurudumu la akiba likining'inizwa kwenye bampa, hali huzidi kuwa mbaya. Matokeo ya mkia mzito ni springi za nyuma kulala, magurudumu ya mbele kukosa mshiko wa kutosha wakati wa kukata kona na kupiga breki, na taa za mbele kuinuka zikawapiga machoni madereva wanaokuja.

(4) Kazi ya kufunga huanza kabla ya bolti ya kwanza kuguswa. Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa na magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi. Kwa kuwa nyaya za taa zitaguswa, waya hasi wa betri hutolewa. Bolti kuukuu hupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda. Bolti za mwisho zisifunguliwe kabla bampa haijashikiliwa kwa jeki au na watu wawili, kwani ikianguka inaweza kuvunja mguu. Ikishatoka, ncha za chesisi hukaguliwa. Zikiwa zimeoza au zina nyufa, kazi husimamishwa hadi zitengenezwe, maana bampa mpya haiwezi kuwa imara kuliko mahali ilipojishikiza. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupakwa rangi ya kinga.

(5) Bampa mpya huinuliwa na bolti zote kutiwa kwa mkono kwanza, bila kukazwa. Hupimwa ili isiinamie upande mmoja, nafasi kati yake na bodi iwe sawa kushoto na kulia, na isiguse ekzosi. Hapo ndipo bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupokezana pande mbili, na kumaliziwa kwa spana ya kupimia mkazo hadi kiwango kilichotajwa na mtengenezaji. Bolti iliyolegea hucheza mpaka ikakatika, na iliyokazwa kupita kiasi hunyooka au kuharibika meno. Matundu ya kiwandani yaliyomo kwenye chesisi ndiyo hutumika. Kuchomelea bampa kwenye chesisi hudhoofisha chuma kilicho kando ya mchomeleo, na huifanya bampa iwe vigumu kutolewa siku ikihitaji kutengenezwa.

(6) Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini ina adui wake. Inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa kwanza. Kwa gari la Mombasa au Lamu, ambako hewa ina chumvi, jambo hili si la kupuuzwa. Vipande vya plastiki ngumu huwekwa kati ya metali hizo mbili na mahali pa kuunganishia hupakwa rangi. Kabla ya gari kutoka, taa za nyuma, vimulikaji na nambari ya usajili sharti vionekane vizuri. Baada ya kilomita mia kadhaa za njia mbaya, bolti zote hukaguliwa upya. Aidha, ndoano ya kukokotea gari lililokwama hushikizwa kwenye chesisi, si kwenye bamba la alumini, kwani ndoano inayong'oka huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Jeki nayo huwekwa tu mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo.

Msamiati
Chesisi: fremu ya chuma inayobeba injini, bodi na mzigo wa gari.
Ekseli: mtaimbo ambao magurudumu mawili, la kushoto na la kulia, hushikizwa kwenye ncha zake.
Egemeo: mahali ambapo ubao au mtaimbo huegemea unapoinuka upande mmoja na kushuka upande mwingine.
Laga: mkondo wa mto wa msimu, ambao huwa mkavu wakati wa kiangazi.

MASWALI

(a) Kwa maneno kati ya 65 na 75, eleza kwa nini uzani wa bampa ya nyuma ni jambo la kuzingatiwa. Rejelea aya ya pili na ya tatu. (alama 8, 1 ya mtiririko)

(b) Kwa maneno kati ya 60 na 70, fupisha hatua za kuondoa bampa kuukuu na kufunga mpya. Rejelea aya ya nne na ya tano. (alama 7, 1 ya mtiririko)

TUJIBU SWALI (a) PAMOJA

Tuanze na jibu lenye kasoro. Lisome, kisha ujiulize ungelipa alama ngapi.

"Kwa miaka mingi mafundi waliunda bampa kwa mabamba manene ya chuma. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 na ya alumini ina kilo 2,700. Bampa ya kilo 60 ikifungwa nyuma, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 60. Ya kilo 25 huongeza kilo 35. Pia gari ni kama ubao juu ya gogo. Kwa maoni yangu ni vyema wenye magari wanunue alumini kwa sababu ni nyepesi na nzuri zaidi."

Jibu hili lina maneno 68, kwa hiyo idadi imetimia. Sarufi yake haina makosa makubwa. Mwandishi wake angetoka chumba cha mtihani akiamini kwamba amefaulu. Sasa tulipime.

Kwanza, limebeba hesabu na kuacha wazo. Hesabu za aya ya pili ziliwekwa ili kuthibitisha kwamba alumini ni nyepesi kuliko chuma. Mtahiniwa amechukua uthibitisho na hakutaja jambo linalothibitishwa ila mwishoni, tena kama maoni yake.

Pili, limepotosha kifungu. Limesema ekseli ya nyuma huongezewa kilo 60. Kifungu kinasema kilo 84. Hili ndilo kosa zito kuliko yote, kwa sababu linafuta hoja kuu ya aya ya tatu. Mwandishi alitaka ujue kwamba uzani ulio nyuma ya ekseli hulemea kuliko ulivyo kwenye mizani. Anayeandika 60 hajaielewa aya. Tena kosa hili lina madhara nje ya mtihani: mwenye gari akiamini hivyo, atachagua springi zisizoweza kuhimili mzigo. Angalia pia kwamba jibu linajipinga. Bampa ya kilo 25 imeongeza kilo 35, ilhali ya kilo 60 imeongeza 60 zile zile. Ukisoma jibu lako mara moja tu kabla ya kufunga swali, utalitambua kosa kama hilo.

Tatu, limetaja tashbihi ya ubao na gogo kana kwamba ni hoja. Tashbihi ni ngazi ya kukupandisha kwenye wazo. Ukishapanda, iache.

Nne, limeongeza maoni. Maneno "kwa maoni yangu" hayana nafasi katika muhtasari. Mwandishi wa kifungu hakumwambia mtu anunue chochote.

Tano, limeacha matokeo yote: springi, mshiko wa magurudumu ya mbele na taa. Bila matokeo, msomaji hawezi kujua kwa nini uzani uzingatiwe, na hilo ndilo swali lenyewe.

Sasa tuandae jibu letu.

Matayarisho
- bampa za chuma: imara ila nzito
- alumini: karibu theluthi ya uzani wa chuma
- hupindika upesi, bamba huwa nene, hupungua nusu tu
- bampa iko nyuma ya ekseli ya nyuma
- hukandamiza ekseli hiyo kwa zaidi ya uzani wake
- huinua upande wa mbele
- matokeo: springi kulala; usukani na breki za mbele kudhoofika; taa kuinuka

Hoja ni saba. Zinatosha kwa alama saba, na ya nane itatokana na jinsi tutakavyoziunganisha.

Jibu
"Bampa za chuma ni imara lakini nzito. Alumini ina karibu theluthi ya uzani wa chuma, ila kwa kuwa hupindika upesi huhitaji bamba nene, hivyo hupunguza karibu nusu tu ya uzani. Uzani huu ni muhimu kwa sababu bampa hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Huikandamiza ekseli hiyo kwa zaidi ya uzani wake na kuinua upande wa mbele. Matokeo ni springi kulala, usukani na breki za mbele kudhoofika na taa kuwapiga madereva wengine machoni." (maneno 72)

Hebu tazama yaliyofanyika. Hakuna kilo hata moja iliyotajwa, lakini maana ya kilo zote imebaki. Maneno "kwa zaidi ya uzani wake" yamebeba hesabu nzima ya mita 3, mita 1.2, kilo 24 na kilo 84. Maneno ya kifungu "kukosa mshiko wa kutosha wakati wa kukata kona na kupiga breki" yamegeuzwa kuwa "usukani na breki za mbele kudhoofika". Viunganishi "lakini", "ila", "hivyo" na "kwa sababu" vinaonyesha hoja moja inavyozaa nyingine. Huo ndio mtiririko unaotafutwa na mtahini.

TUJIBU SWALI (b)

Swali hili linauliza hatua. Katika swali la hatua, mpangilio ni sehemu ya maana. Ukisema bampa hukazwa kisha husawazishwa, umekosea hata kama maneno yote umeyatoa kifunguni. Kwa hivyo orodhesha hoja kwa utaratibu wa kazi.

Matayarisho
- egesha tambarare, zuia gari, toa waya hasi wa betri
- legeza bolti kwa mafuta. Shikilia bampa kabla ya kuitoa
- kagua, sugua na kupaka rangi ncha za chesisi
- tia bolti zote kwa mkono, sawazisha
- kaza kwa kupokezana hadi kiwango cha mtengenezaji
- tumia matundu ya kiwandani. Kuchomelea hudhoofisha chuma

Jibu
"Gari huegeshwa mahali tambarare, huzuiwa lisisogee na waya hasi wa betri kutolewa. Bolti kuukuu hulegezwa kwa mafuta, na bampa hushikiliwa kabla ya kung'olewa. Ncha za chesisi hukaguliwa, husuguliwa na kupakwa rangi. Bampa mpya hutiwa bolti zote kwa mkono, husawazishwa, kisha hukazwa kwa kupokezana pande zote hadi kiwango cha mtengenezaji kwa spana ya kupimia. Matundu ya kiwandani ndiyo hutumika kwa kuwa kuchomelea hudhoofisha chuma." (maneno 63)

Zipo mbinu tatu za kubana maneno ambazo tumezitumia hapa. Zijifunze, kwa maana zitakufaa katika kifungu chochote.

Mbinu ya kwanza ni kutafuta neno moja linalojumlisha. Kifungu kinasema breki ya mkono huvutwa na magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi. Vitendo viwili hivyo vina lengo moja, nasi tumelitaja lengo: "huzuiwa lisisogee".

Mbinu ya pili ni kutumia kauli ya kutendwa pamoja na kiambishi hu-. "Hukaguliwa, husuguliwa na kupakwa rangi" ni maneno matano, na yamebeba sentensi mbili za aya ya nne. Kiambishi hu- huonyesha mazoea, nayo hatua za kazi ni mazoea.

Mbinu ya tatu ni kuacha sababu iliyo dhahiri na kubakisha sababu iliyo muhimu. Kwamba bampa ikianguka inaweza kuvunja mguu ni onyo zuri, lakini hatua yenyewe ni kuishikilia. Tumeiacha sababu. Kwamba kuchomelea hudhoofisha chuma tumeibakisha, kwa sababu bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini matundu ya kiwandani yasisitizwe.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Fundi anayeunda bampa nyepesi haondoi bolti ili kupunguza kilo. Hupunguza uzani pale ambapo uzani hauna kazi. Nawe ukifupisha, ondoa mifano na marudio, lakini usiguse neno linaloshikilia maana. Katika sentensi "ekseli ya nyuma huongezewa kilo 84, si 60", maana imeshikiliwa na wazo la kuzidi. Katika "bolti hutiwa kwa mkono kwanza, bila kukazwa", imeshikiliwa na neno "kwanza". Ukiliondoa bila kulifidia, jibu lote litalegea.

MAKOSA YA KUEPUKA

1. Kunakili sentensi za kifungu kama zilivyo. Tumia maneno yako mwenyewe inapowezekana. Maneno ya kitaalamu kama "ekseli" na "chesisi" hubaki, kwani hayana mbadala mwepesi.

2. Kuandika hoja kwa nambari au vistari katika Jibu. Orodha hufaa katika Matayarisho tu.

3. Kuacha sehemu ya Matayarisho tupu. Ukifanya hivyo hujidhuru wewe mwenyewe, maana utajikuta ukifuta na kuandika upya ndani ya jibu.

4. Kupita idadi ya maneno. Maneno ya ziada huadhibiwa, na hoja iliyowekwa mwishoni inaweza isihesabiwe.

5. Kuhamisha hoja kutoka aya ambayo haikuulizwa. Katika swali (a) wengine wangeandika kwamba alumini huliwa na maji ya chumvi. Ni kweli, lakini hoja hiyo iko aya ya sita.

6. Kuchanganya nafsi. Kifungu hiki kimeandikwa kwa nafsi ya tatu. Usianze "unaegesha gari" kisha ukamalizia "bampa hukazwa".

ZOEZI

Sasa fanya hili peke yako. Tenga dakika 15 na usiangalie mwongozo kabla ya kumaliza.

(c) Kwa maneno kati ya 45 na 55, fupisha mambo ya kuzingatiwa ili bampa ya alumini idumu na itumike kwa usalama. Rejelea aya ya sita. (alama 6, 1 ya mtiririko)

(d) Andika kichwa kifaacho kwa kifungu chote, kwa maneno yasiyozidi sita. (alama 1)

(e) Katika aya ya kwanza, taja sentensi moja inayobeba hoja kuu na sentensi moja ambayo ungeiacha. Toa sababu. (alama 3)

Mwongozo wa majibu

(c) Hoja zinazotarajiwa: alumini hutenganishwa na chuma kwa plastiki ngumu na rangi kwa kuwa huliwa penye chumvi, taa, vimulikaji na nambari ya usajili vionekane, bolti zikaguliwe upya baada ya safari, ndoano ya kukokotea ishikizwe kwenye chesisi, jeki iwekwe mahali pake. Majina Mombasa na Lamu ni mifano, yaachwe. Ukiyataja, utakuwa umetumia maneno matatu bila kupata alama.

(d) Kichwa kitaje bampa na uzani au ufungaji wake. Mfano: "Uzani na Ufungaji wa Bampa". Kichwa kama "Magari" ni kipana mno, na "Kutu ya Alumini" ni chembamba mno.

(e) Hoja kuu iko katika sentensi ya mwisho, inayoeleza kwa nini bampa ya kiwandani hubadilishwa na sifa za ile mpya. Ungeweza kuiacha "Kwenye lami haina taabu", kwa sababu maana yake imo tayari katika sentensi ya kwanza.

Ukishasahihisha, hesabu ni hoja ngapi ulizipata na ni maneno mangapi uliyotumia. Kama ulipata hoja tano kwa maneno 55 au pungufu, uko tayari kwa kifungu kinachofuata. Kama ulizidisha, rudi kwenye jibu lako, tafuta mfano au neno lililorudiwa, ulikate, kisha usome tena uone kama maana bado imesimama.